Papa wa Kitoweo na Papa wa Picha

Kila mwaka kusi inapochoka na kaskazi ikaanza kushika, pwani ya Kenya hubadilisha vyombo. Boti za uvuvi wa kitalii zilizopandishwa nchi kavu tangu mvua za Aprili hurudishwa majini Watamu, Malindi, Kilifi na Shimoni, zikiwa zimepakwa rangi na mashine zake kufunguliwa na kufungwa upya. Jodari huwa wamekwisha tangulia. Sulisuli, yule mwenye pezi la mgongoni kama tanga, hufuata mwaka unapokaribia kwisha, na kati ya Januari na Machi, maji yakiwa ya buluu nzito, ndipo nduaro wakubwa hutafutwa. Papa naye hakosekani: mako, pingusi mwenye kichwa cha nyundo, papa wa milia anayeweza kupita mita nne. Wageni hulipa fedha nyingi kwa siku moja ya kurambaza huko nje, na wengi wao hawaji kutafuta kitoweo. Wanakuja kupimana nguvu na mnyama aliye hodari kuliko wao, wapigwe picha, warudi makwao. Sina ugomvi na anayetafuta raha hiyo. Ninachosema ni kwamba bahari ikianza kupungukiwa, anayevua kwa raha ndiye wa kwanza kuwekewa masharti, kabla ya anayevua ili watoto wale. Na kwa papa na nduaro sharti liwe moja, liandikwe kwenye leseni ya kila boti: samaki huyu haletwi pwani.

Mchezo huu ni wa zamani hapa kwetu. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, na jina lake bado linauza vyumba vya hoteli katika pwani hiyo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1939, kilianzishwa chama cha kimataifa cha wavuvi wa burudani, IGFA, ambacho ndicho kinachotunza rekodi za samaki wakubwa duniani. Kwa miongo mingi rekodi ya uzito ilidai samaki apimwe kwenye mizani nchi kavu, na samaki wa kilo mia kadhaa hafiki kwenye mizani akiwa hai. Nduaro mweusi wa kilo zaidi ya 700 aliyevuliwa Cabo Blanco nchini Peru mwaka 1953 bado anatajwa hadi leo, na kila anayetajwa namna hiyo humfanya mwingine atamani kumpita. Upande wa papa mambo yalizidi kuharibika mwaka 1975 ilipotoka filamu ya Jaws, ambayo ilimfanya papa aonekane adui anayestahili kuuawa kwa heshima ya binadamu. Mashindano ya kuvua papa yalipamba moto Marekani baada ya hapo. Peter Benchley, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hiyo, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye akiwatetea papa, lakini picha ya mtu aliyesimama kando ya papa aliyening'inizwa kwa mkia ilikuwa imekwisha ingia vichwani mwa watu.

Tuitazame picha hiyo kwa karibu. Papa ametundikwa kwenye nguzo ya mizani, kichwa chini. Uzito wake wote unavuta viungo vya ndani kuelekea kooni, kwa sababu papa hana mbavu za kuvishikilia. Mwili wake umeumbwa kubebwa na maji. Ini lake, ambalo kwa papa wengi ni kubwa kuliko kiungo kingine chochote cha ndani, limelegea. Akiwa ni jike mwenye mimba, na mara nyingi papa mkubwa ni jike, waliomo tumboni wanakufa pamoja naye, kila mmoja ana meno tayari na umbo kamili kama la mama yake. Mtu anatabasamu, kamera inalia, uzito unaandikwa ubaoni. Baada ya nusu saa jua limeanza kazi yake, na nyama ya papa isipotolewa damu na kutiwa chumvi mapema hunuka kama mkojo, kwa kuwa damu yake imejaa urea. Katika siku kama hiyo kinachobaki cha thamani ni picha, na picha ingeweza kupigwa akiwa majini ubavuni mwa boti.

Kwa nini nasema bahari imepungukiwa? Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi uliojumlisha takwimu za papa na taa wa bahari kuu duniani. Ulikuta kwamba idadi yao ilishuka kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, na kwamba katika kipindi hicho shinikizo la uvuvi juu yao, likilinganishwa na idadi iliyobaki, liliongezeka mara 18. Orodha ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, inawaweka pingusi wakubwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, pamoja na papa wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe za mapezi. Mako yuko daraja moja chini yao. Nduaro nao hawako salama: Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Ushelisheli, imekuwa ikieleza kwamba nduaro wa milia amevuliwa kupita kiasi na anaendelea kuvuliwa kupita kiasi. Mwaka 2018 tume hiyo iliweka kikomo cha tani kwa kila aina ya nduaro na kwa sulisuli, jambo ambalo lisingefanywa kama mambo yangekuwa mazuri.

Papa hapungui kwa sababu ile ile anayopunguia dagaa. Dagaa akivuliwa sana, msimu wa mvua njema humrudisha. Jodari jike hutaga mayai kwa mamilioni. Papa huzaa kama tunavyozaa sisi, wachache, kwa kukawia. Mako jike hafikii umri wa kuzaa mpaka awe na miaka ipatayo 18, hubeba mimba zaidi ya mwaka, kisha hupumzika kabla ya kubeba nyingine. Papa wa milia huzaa watoto wengi zaidi, lakini naye hubeba mimba kupita mwaka na hazai kila mwaka. Ukimwua jike wa mita tatu umeondoa miaka mingi ya bahari kujenga kitu kimoja, na hakuna kaskazi moja itakayomrudisha. Kwa nduaro kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalijui: nduaro wa buluu dume ni nadra kupita kilo 160. Kila yule jitu wa kilo 300 au 400 anayeshinda kombe ni mama. Mashindano yanayompa zawadi aliyeleta samaki mzito kuliko wote yanampa zawadi aliyeua mzazi bora kuliko wote, na hilo hata mfugaji wa mbuzi asiyewahi kuiona bahari atakuambia ni kufilisi zizi.

Sasa mweke mtu huyo wa kombe kando ya mvuvi wa jarife. Papa kwa watu wa pwani ni sehemu ya maisha tangu kabla ya boti ya kwanza ya kitalii kuonekana. Ng'onda wa papa amelisha watu katika miezi ya kusi ambapo vyombo vidogo havithubutu kutoka. Papa mkavu wa kutiwa nazi ni chakula cha heshima Mombasa, Lamu na Unguja. Maini yake yalichemshwa yakatoa sifa, mafuta yenye harufu isiyosahaulika yaliyopakwa kwenye mbao za majahazi ili zisipasuke wala kuliwa na wadudu, na jahazi lililopakwa vizuri liliishi kuliko nahodha wake. Ngozi ilitumika kusugulia mbao. Hapakuwa na kitu cha kutupa. Huyu mvuvi ndiye anayekutana leo na orodha za mkataba wa CITES, ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukiongeza papa wa aina nyingi katika biashara inayodhibitiwa, hadi mkutano wa Panama wa mwaka 2022 ulipoingiza karibu jamaa nzima ya papa wanaouzwa mapezi. Ndiye aliyeambiwa mwaka 1968, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilipotangazwa, miongoni mwa za kwanza barani Afrika, kwamba mahali babu yake alipotega madema sasa ni pa kutazama tu. Mimi naamini hifadhi hizo zimefanya kazi kubwa na nazitetea. Lakini aliyelipa gharama yake alikuwa ni yeye, na katika kila awamu mpya ya uhifadhi anaombwa tena avumilie kidogo.

Ndiyo maana suala hili kwangu ni la haki kabla halijawa la sayansi. Huwezi kumwendea mzee mwenye jarife ukamwambia papa wamekwisha, aache nyavu zake zioze, huku nyuma ya mgongo wake kuna papa anatundikwa hotelini ili mtu apige picha. Atakuuliza swali moja tu na hutakuwa na jibu. Ukianza na boti za starehe, ukamwonyesha kwamba wenye fedha wamekatazwa kwanza na wamekubali, mazungumzo yanayofuata, yale magumu ya ukubwa wa matundu ya nyavu na miezi ya kupumzisha bahari, yana pa kuanzia.

Kuna hoja kadhaa zinazopinga, na baadhi yake zina uzito. Ya kwanza husemwa na manahodha wenyewe: kumwachilia ni kujidanganya, samaki aliyepambana saa moja atakwenda kufia chini. Hoja hii ilikuwa na ukweli mwingi zamani na bado ina ukweli pale kazi inapofanywa ovyo. Jibu liko kwenye ndoana. Ndoana ya kawaida yenye umbo la kulabu humezwa pamoja na chambo, ikachana koo na tumbo. Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imekunjwa ikielekea ndani, hupita kooni bila kushika na huja kunasa kwenye pembe ya mdomo mshipi unapokazwa. Watafiti waliowafunga nduaro weupe wa Atlantiki vifaa vya satelaiti, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2005, walikuta kwamba kati ya wale walionaswa kwa ndoana za kawaida, takriban mmoja katika kila watatu alikufa baada ya kuachiliwa, wakati wale wa ndoana za duara walinusurika karibu wote. Tofauti yenyewe imeletwa na kipande cha chuma ambacho bei yake haimshindi mwenye boti yeyote. Marekani imekwisha lazimisha ndoana hizo katika mashindano ya nduaro upande wa Atlantiki kwa anayevua na chambo halisi, na baadaye katika uvuvi wa burudani wa papa.

Ndoana peke yake haitoshi, mkono nao unahitaji kufundishwa. Papa aliyeletwa ubavuni anatakiwa abaki majini, kichwa kikielekea mbele, boti ikienda taratibu ili maji yapite mdomoni mwake na kutoka kwenye matamvua. Baharia aliyevaa glavu anaushika waya, mwenzake anaingiza alama ndogo kwenye nyama ya mgongo karibu na pezi kwa mti mrefu, kisha waya unakatwa karibu kabisa na ndoana kwa mkasi wa chuma. Ndoana isiyo ya chuma kisichoshika kutu italika yenyewe na kudondoka. Kazi yote ni ya dakika mbili tatu. Papa wa milia akishughulikiwa hivyo huzama polepole, anapiga mkia mara moja, mara ya pili, kisha hatumwoni tena. Pingusi si kama yeye. Huyu hupambana hadi damu yake inajaa sumu ya uchovu, na utafiti wa Florida uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha jinsi pingusi wakubwa walivyo dhaifu baada ya kunaswa, hata wakiachiliwa wakiwa hai, wakilinganishwa na papa wa milia. Kwa hiyo kwake sharti liwe kali zaidi: asitafutwe kwa makusudi, na akitambulikana yuko kwenye mshipi, mshipi ukatwe pale pale, mgeni apige picha au asipige. Najua manahodha watasema mgeni atakasirika. Mgeni huyo akielezwa bandarini kabla ya kupanda boti atakuwa amekubali.

Hoja ya pili ndiyo inayopendwa kuliko zote. Inasema boti hizi chache haziui kitu, wauaji ni meli za mishipi mirefu na nyavu za kuelea huko bahari kuu. Kwa hesabu za tani, wasemao hivyo wana haki. Sehemu kubwa ya sulisuli na nduaro wa Bahari ya Hindi huishia kwenye nyavu za kuelea za mataifa ya kaskazini mwa bahari hiyo na kwenye mishipi ya meli za mbali, na papa wengi hufa humo bila kukusudiwa. Tume ya Jodari ilipiga marufuku nyavu kubwa za kuelea katika eneo lake lote kuanzia Januari 2022, na utekelezaji unadai meno makali zaidi. Lakini kosa la mwenye meli halimpi mwenye boti ruhusa. Zaidi ya hilo, wajumbe wa Kenya na Tanzania wanapoketi mezani Victoria kudai wengine wapunguze, sauti yao huwa na nguvu kulingana na walichofanya nyumbani. Tume hiyo hiyo imekwisha agiza kwamba papa mwenye mkia mrefu kama mundu akinaswa na wavuvi wa burudani aachiliwe hai, wala asibakizwe chomboni. Ninachoomba ni kuipeleka kanuni hiyo hatua moja mbele, kwa papa wote, katika maji yetu.

Wengine watasema, mbona hayo yanafanyika tayari? Ni kweli, na ni haki kuwapongeza. Boti nyingi za Watamu na Shimoni zimekuwa zikiachilia sulisuli na nduaro kwa miaka mingi, na shirika la African Billfish Foundation lililoko Watamu limekuwa likiratibu kazi ya kutia alama tangu miaka ya 1990, kazi iliyotufundisha mengi kuhusu njia za samaki hawa na umbali wanaokwenda. Wenye kuvua ndio walioipa sayansi hiyo macho. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na hakuna chuo kikuu chenye fedha za kukaa baharini siku zote za kaskazi. Ila hiari ina udhaifu wake. Inakaa vizuri siku ambazo hakuna kinachoshindaniwa. Siku ya kombe, siku mgeni mwenye fedha anapodai kwamba samaki wake ndiye mkubwa kuliko wa jirani, nahodha mwadilifu hujikuta akishindana na nahodha asiyejali, na anayepoteza mteja ni yule mwadilifu. Sheria ingemwondolea mzigo huo. Angesema tu, siruhusiwi, na mazungumzo yakaisha. Hata rekodi si kisingizio tena, maana IGFA tangu mwaka 2011 ina orodha ya rekodi za urefu, ambapo samaki hupimwa kwa utepe na kurudishwa majini.

Hoja inayonigusa zaidi inatoka kwa mabaharia. Kwa desturi samaki anayeletwa pwani huwa mali ya boti, huuzwa, na mabaharia hupata chochote juu ya mshahara wao. Nduaro wa kilo 150 ni fedha ya kweli kwa mtu mwenye karo za shule. Ukiamuru samaki huyo arudishwe majini umekata kipato cha mtu mdogo kabisa chomboni, na umefanya hivyo kwa ajili ya dhamiri ya watu wengine. Sikubali uhifadhi wa namna hiyo. Malipo ya kumwachilia lazima yaingizwe kwenye bei ya siku: kiasi kilichotangazwa wazi, kinachokwenda mkononi mwa mabaharia kwa kila papa au nduaro aliyetiwa alama na kuonekana akiogelea. Mgeni anayemudu kukodi boti anamudu na hilo. Samaki wa chakula, nguru, kolekole, faluusi, jodari wa wastani, waendelee kuletwa na kuuzwa kama kawaida, na mabaharia wasiwe na sababu ya kumtamani papa. Wala tusinakili sheria za wengine bila kutazama kwetu. Marekani ilipitisha mwaka 2012 sheria ya kuzuia biashara ya nyama ya nduaro. Hapa, ambapo nduaro wa mvuvi mdogo hukatwa vipande na kulisha mtaa, sheria kama hiyo ingekuwa dhuluma. Tofauti kati ya kuvua kwa kula na kuvua kwa raha lazima ibaki wazi kwenye maandishi.

Na nyama yenyewe, kwa wale wanaosema inawasaidia maskini, tuwe wakweli. Papa mkubwa na nduaro mkubwa wako juu kabisa katika ngazi ya walaji wa baharini, na zebaki iliyomo katika kila samaki waliyemla hukusanyika mwilini mwao mwaka baada ya mwaka. Mamlaka ya chakula ya Marekani huwashauri wajawazito na watoto wadogo kuwaepuka samaki hawa kabisa. Mkubwa wa picha ndiye aliyekusanya nyingi kuliko wote. Kumpelekea mama mjamzito wa kijijini minofu ya papa wa kombe, tukaita jambo hilo ukarimu, ni kumkosea.

Kuna pia wale wasiotaka mchezo huu uwepo kabisa. Husema kumchokoza kiumbe kwa ndoana, kumchosha, kisha kumwachia aende na jeraha lake, ni ukatili uliopewa jina zuri. Katika pwani ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu hoja hii si ngeni. Wanazuoni wamekemea siku zote kumtesa mnyama au kumwua kwa mchezo tu. Naiheshimu hoja hii kuliko zote nilizotaja, na sitasema kwamba samaki hasikii maumivu. Ninachopima ni kitakachofuata iwapo mchezo utapigwa marufuku kesho. Boti zitauzwa, baadhi yake kwa watu watakaozitumia kuvua papa wale wale kwa ajili ya mapezi. Manahodha na mabaharia waliojifunza kazi kwa miaka 20 watakaa bure. Taarifa za alama zitakatika. Na vilindini, katika mkondo wa Pemba ambako meli ngeni zinaweza kupita bila kuonwa na mtu, hakutakuwa na jicho. Mchezo uliofungwa kwa masharti makali unaacha jicho hilo mahali pake. Kama baada ya miaka kadhaa taarifa zitaonyesha kwamba papa wanaoachiliwa hawapati nafuu, nitakuwa tayari kuisikiliza hoja ya marufuku kwa masikio mapya.

Usimamizi ndipo wengi hukata tamaa, na mimi naona ndipo pepesi. Kuna maelfu ya mitumbwi, ngalawa na mashua kati ya Kiunga na Mtwara, na hakuna serikali inayoweza kuweka mtu kwenye kila chombo. Boti za uvuvi wa kitalii zinajulikana kwa majina. Zinatia nanga mahali pamoja, zinatangaza wateja wao, zinapiga picha za kila samaki na kuzitundika hadharani. Hakuna kundi la wavuvi lililo rahisi kufuatiliwa kuliko hilo. Leseni ikiwa na fomu inayodai kila papa aliyegusa mshipi aandikwe, aina yake, urefu wa kukadiria, mahali, alivyoachiliwa, basi mwisho wa kaskazi tutakuwa na kitabu cha bahari yetu ambacho hatujawahi kuwa nacho. Picha ya papa aliyetundikwa iwe ushahidi wa kunyang'anya leseni. Na kwa kuwa mkondo wa Pemba una Shimoni upande mmoja na Tanga na Pemba upande mwingine, fomu iwe moja: Nairobi waandike, Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu kule Zanzibar nayo iandike, maana boti iliyokatazwa upande huu inaweza kuelekeza omo kusini na kufika maji ya wengine kabla ya adhuhuri.

Miezi ya kusi, boti zikiwa juu ya magogo na mafundi wakikwangua chaza chini yake, ndiyo ya kuandika sharti hili. Leseni za msimu hazijatiwa saini, zawadi za mashindano hazijatangazwa, wageni wa Desemba bado wanauliza bei. Anayeandaa mashindano ana muda wa kubadilisha ubao wa kilo kuwa ubao wa walioachiliwa, na mwenye boti ana muda wa kununua boksi la ndoana za duara na kuwakalisha mabaharia wake asubuhi moja awafundishe kukata waya.